Kabla hujamhamisha mtoto shule ya kijiji cha pili

Kila Januari maofisa elimu kata hupokea ombi lilelile: mtoto ahamie shule ya jirani kwa sababu ile "inafaulisha". Mzazi ana haki ya kuomba. Kipimo anachokitumia ndicho kibovu.

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, ila vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp orodha bado zinatungwa. Tuseme kata ina shule mbili, moja ina watahiniwa 14 wa darasa la saba, nyingine 140. Kwenye shule ya 14, mtoto mmoja akiamkia malaria siku ya mtihani akapata D, ufaulu unashuka kwa asilimia 7. Kwenye ile ya 140 haushuki hata asilimia moja. Ndiyo maana shule ndogo huwa bingwa mwaka huu na mkia mwakani, walimu wakiwa walewale. Angalia matokeo ya miaka mitatu au zaidi. Yako kwenye tovuti ya NECTA, bure. Anayekutoza hela ya kuyaona anakuibia.

Halafu kuna swali ambalo wazazi karibu wote hawaulizi, na mimi ndilo ningeanza nalo: darasa hilo lilianza na watoto wangapi? Shule iliyoandikisha 80 darasa la kwanza, ikafikisha 35 la saba na wote wakafaulu, inashangiliwa kwa asilimia 100. Wapo waliohama kihalali. Wengine wako machungani. Omba kuona mahudhurio, na uliza nani anafundisha darasa la kwanza na la pili, maana shule nyingi hupeleka walimu hodari darasa la saba, na watoto wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wakabanana mia na zaidi chumba kimoja. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa mwalimu, tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Kuhesabu matundu hakuhitaji mtaalamu.

Ofisi zetu za elimu kata hazitoi orodha ya shule nzuri na mbaya, tafadhali tusiombwe.

Ukishaamua, andika barua kwa mwalimu mkuu wa shule aliko mtoto, ukitaja sababu. Shule inayompokea ithibitishe kwamba nafasi ipo, kisha taarifa zake zihamishwe kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, kwa namba yake ileile. Kumwandikisha upya kwa jina jingine ili arudie darasa ni udanganyifu, na matokeo yaliyopatikana kwa udanganyifu hufutwa. Wa darasa la nne na la saba waliokwisha kusajiliwa kwa mtihani waache wamalizie walipo. Wakati uhamisho unashughulikiwa, mtoto aendelee na masomo. Kumweka nyumbani ni utoro, na kwa Sheria ya Elimu, Sura ya 353, anayewajibishwa ni mzazi.

Mkumbuke pia kwamba wengi wanaofaulu kutoka shule hizo mbili hupangiwa sekondari moja, ya kata. Kama mtoto wa darasa la pili atatembea kilomita sita asubuhi na sita jioni ili afike hukohuko, sababu iwe nzito kuliko asilimia za mwaka mmoja.

Uhamisho hauna ada. Ukiombwa fedha, mweleze afisa elimu kata. Ikiwa yeye ndiye aliyeomba, nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wilayani.