Kifo cha Dermot Morgan hakikuua Father Ted

Wiki iliyopita nilisimamisha basi kama kawaida kwenye njia nyembamba karibu na Kilnaboy, Kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland. Ng'ambo ya geti ipo nyumba ya Glanquin, ambayo dunia nzima inaijua kama nyumba ya mapadri wa Father Ted, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni. Manyunyu yalikuwa yakigonga kioo. Kabla hata sijavuta breki ya mkono, mama mmoja wa kiti cha mbele akashusha pumzi: "Maskini yule baba. Asingekufa, si tungekuwa na misimu kumi ya kile kipindi?"

Nikauma ulimi, kwa sababu mgeni amelipa nauli na amekuja kufurahi. Lakini kauli hiyo naisikia karibu kila safari, na ulimi umeshachoka kuumwa.

Tuangalie tarehe basi, maana tarehe hazina ushabiki. Dermot Morgan, aliyecheza Padri Ted Crilly, alikamilisha kurekodi sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu mwishoni mwa Februari 1998, mbele ya hadhira, studio, jijini London. Siku iliyofuata, Jumamosi tarehe 28, alikuwa nyumbani kwake huko huko London, wageni wamekaa mezani, akapatwa na mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 45. Kwa hiyo alipofariki kazi ilikuwa imeisha. Waandishi, Graham Linehan na Arthur Mathews, walikwishaamua kwamba msimu wa tatu ndio wa mwisho. Morgan mwenyewe naye alishasema imetosha: hakutaka kuzeeka ndani ya kola ya upadre, watu wakasahau kwamba anajua kufanya jambo lingine. Alikuwa tayari na wazo la kipindi kipya, kuhusu wanasoka wawili waliostaafu wanaoishi nyumba moja.

Kilichowachanganya watu ni ratiba ya televisheni. Msimu ulitakiwa kuanza mwanzoni mwa Machi; Channel 4, kituo cha televisheni cha Uingereza kilichokirusha, ikausogeza mbele wiki moja kwa heshima ya marehemu, ukaanza tarehe 13. Sehemu nane, moja kila wiki, hesabu mwenyewe: ya mwisho ikaonyeshwa tarehe 1 Mei. Mtazamaji aliyekuwa kwenye kochi lake alisikia msiba kwanza, akamwona mtu akicheka kwenye skrini wiki nane mfululizo, halafu kipindi kikazimika kisirudi tena. Mpangilio huo ukikaa kichwani miaka ishirini na ushee, unageuka kuwa "alikufa, wakafunga." Namwelewa anayechanganya. Nisiyemwelewa ni yule anayebishana nami kuanzia Kilnaboy mpaka Ennis huku simu yenye tarehe zote ipo mkononi mwake.

Kipo kitu kimoja tu ambacho kifo kilikibadilisha, na ndicho ningependa watu wakiulizie. Mwisho ulioandikwa ulimpandisha Ted juu ya ukingo wa dirisha, ghorofani, pembeni ya padri mwingine aliyekata tamaa ya maisha. Baada ya mazishi mzaha ule ulikuwa mchungu kupita kiasi. Wakauondoa, wakaweka vipande vifupi vifupi kutoka sehemu zote za kipindi. Ukiitazama leo utaona jinsi hadithi inavyokatika ghafla na kumbukumbu zinaanza kupita. Hapo ndipo msiba ulipoacha alama yake.

Dhana ya pili huja na sauti ya pongezi: "Alibahatika, akapata umaarufu ghafla akiwa na miaka 43." Ghafla kwa nani? Kwa Waingereza, labda. Watu wa Dublin walikuwa wanamjua tangu kipindi cha The Live Mike cha RTÉ, shirika la utangazaji la Ireland, kilichoanza 1979, alipokuwa akiingia kama Father Trendy, padri anayejitutumua kuwa wa kisasa, anayechukua jambo lolote la mtaani na kulinyonganyonga mpaka litoe mahubiri. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa sekondari. Krismasi ya 1985 wimbo wake wa kumtania bondia Barry McGuigan, aliyekuwa hachoki kumshukuru meneja wake Bwana Eastwood, ulishika namba moja Ireland.

Halafu ikaja Scrap Saturday, na hapa naomba univumilie kidogo. Ni kipindi cha redio, RTÉ Radio 1, Jumamosi asubuhi, 1989 hadi 1991, pamoja na Gerry Stembridge, Owen Roe na Pauline McLynn, huyo huyo aliyekuja kuwa Mrs Doyle, mtunza nyumba wa mapadri kwenye Father Ted, na birika lake la chai. Morgan alimwigiza waziri mkuu Charles Haughey akimfokea msaidizi wake, P. J. Mara, na wanasiasa waliamka Jumamosi roho mkononi. Kipindi kilipoondolewa hewani watu walikuja juu, na Morgan akaituhumu RTÉ hadharani kwamba imeogopa wakubwa. Jibu la msemaji wa kituo lilikuwa kichekesho kuliko kipindi chenyewe: hakijafutwa, alisema, ila tu hakiendelezwi. Kwangu mimi kazi bora ya Morgan ni hiyo, si Ted, na mteja anayeniuliza asikilize nini kabla ya safari namwambia hivyo hivyo. Wengi hunitazama kama nimetukana.

"RTÉ walikikataa Father Ted." Hapana. Hawakupelekewa. Kilitengenezwa na kampuni ya Hat Trick kwa ajili ya Channel 4, basi.

"Alikuwa padri kweli, akaacha." Hapana, na aliyeuliza hivyo alikuwa mtu mzima kabisa.

Linalobaki ni la kisiwa. Watu wanataka niwapeleke Craggy Island, kisiwa wanachoishi mapadri wa kipindi. Hakuna. Kisiwa ni cha kubuni. Picha za nje nyingi zilipigwa hapa hapa Clare, bara, na ile sebule ilikuwa imejengwa studio London. Kinachoonekana mwanzoni, kamera ikipita juu ya bahari na meli yenye kutu, ni Inis Oírr, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Aran. Meli yenyewe ni Plassy, ilikwama pale Machi 1960 kwenye dhoruba, na wanakijiji wakawaokoa mabaharia wote 11 kwa kamba. Tamasha la mashabiki nalo hufanyika Inis Mór, kisiwa kingine kabisa, ambacho hata kwenye picha zile hakimo. Kwa hiyo anayetaka "sehemu halisi" anahitaji siku mbili, feri, na subira.

Kuhusu Glanquin ni hivi. Ni nyumba ya watu. Wanaishi mle, wana nguo kwenye kamba. Tunasimama, unapiga picha kutoka barabarani, unarudi kwenye basi. Kwenye safari yetu geti halifunguliwi hata kama umetoka Australia. Na mwenye hamu ya kukaa karibu na marehemu, basi aende bustani ya Merrion Square, Dublin, akatafute kiti cha shaba kilichowekwa kumkumbuka, kiti kikubwa cha enzi, cha mchekeshaji wa mfalme. Kile kinakaliwa bure. Mvua ikinyesha shaba ile ni baridi mno, chukua gazeti la kukalia.