"Mshauri wa kitabibu" maana yake nini

Jumapili iliyopita, katika mkutano mdogo wa chama chetu cha wagonjwa hapa Nyawera, Bukavu, baba mmoja alisimama akasema: "Muganga ya chama alishakataza ile dawa." Vichwa vikaitikia. Kwangu ilikuwa mara ya nne kuisikia mwezi huu. Chama hakina muganga. Kina washauri wa kitabibu watatu, wote wako mbali na Bukavu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpima mtu wetu.

Maana yenyewe ni fupi. Mshauri wa kitabibu wa chama cha wagonjwa ni mtaalamu, mara nyingi daktari wa ubongo na neva, wa jenetiki (elimu ya urithi) au wa saikolojia, anayekipa maoni chama, si mgonjwa. Anasoma karatasi zetu kabla hatujazigawa, anatuambia utafiti upi una uzito na upi ni biashara ya mtu. Hatibu, haandiki ordonansi (karatasi ya dawa), haamui. Kwa kawaida halipwi.

Kinachotuponza ni maneno mawili, na nitaanza na shauri.

Neno hili limetoka Kiarabu, kwenye kitenzi shāwara, kutaka maoni ya mtu. Mzizi huohuo una kitenzi kingine cha zamani chenye maana ya kurina asali, kuitoa mzingani. Mpaka hapo mambo ni matamu. Ila lilipofika kwetu neno halikutulia. Shauri likawa kesi: watu wanapeleka shauri kwa hakimu, hakimu analisikiliza na kulikata. Likawa pia wajibu wa mtu, kama unapomwambia mkaidi "shauri yako". Wengine huku bara wanalifanya sababu kabisa: "sikuja shauri ya mvua". Kwa hiyo mzee aliyezoea mashauri ya barazani akisikia "mshauri", anamwona mtu aliyekaa mbele akitoa hukumu. Kumbe mshauri ni yule aliyeulizwa tu. Akimaliza kusema, kazi inarudi kwa aliyeuliza.

Kifaransa nacho kimezidisha vumbi. Wapo wanaotafsiri "daktari mshauri" kuwa médecin-conseil, na huyo kwetu anajulikana: ni daktari wa bima au wa kampuni, anayekagua kama kweli unaumwa na kama gharama yako italipwa. Mama mmoja alikataa kutupatia fishi (karatasi ya matibabu) ya mwanawe kwa miezi miwili akidhani washauri wetu ni wakaguzi wa namna hiyo. Sikumlaumu.

Neno la pili ni muganga. Dar es Salaam ukisema mganga bila kuongeza kitu, wengi wanawaza mizizi na hirizi. Goma na Bukavu muganga ni daktari, ni muuguzi, ni yeyote mwenye blauzi nyeupe anayekutundikia serumu. Ni neno pana na lenye upole, nalipenda. Lakini ndani yake kuna mikono: muganga amekugusa, amekutazama machoni, anajua jana ulilala vipi. Mshauri hana hayo. Ana vitabu, ana wagonjwa wake mwenyewe huko aliko, na ana adabu ya kutosema zaidi ya anachojua. Hata mtaalamu kwa asili yake si anayejua kila kitu. Linatokana na ta'allama, kujifunza.

Turudi kwa yule baba. Mke wake ana ugonjwa wa Huntington, ule ambao George Huntington, daktari kijana wa Marekani, aliueleza mwaka 1872. Kijeni chake, yaani sehemu ya urithi inayouleta, kilipatikana mwaka 1993. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Mikono na miguu inatikisika bila ruhusa ya mwenyewe, mtikisiko unaoitwa korea, kutoka neno la Kigiriki la kucheza ngoma (na kila mkutano lazima mtu aulize kama umeletwa na Wakorea). Mshauri wetu mmoja alituma odio ya dakika tatu kuhusu tetrabenazini, dawa ya kupunguza mtikisiko huo, akionya kwamba inaweza kuleta huzuni nzito au kuizidisha. Alikuwa anatusaidia kuandika karatasi ya chama. Odio ikaruka kutoka simu hadi simu. Baba akaisikiliza, akatoa vidonge vya mke wake kabatini, akavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo. Nilipouona mfuko ule niliusoma mara mbili: haloperidoli. Ni dawa nyingine kabisa, aliyoandikiwa na daktari wa hapahapa mjini, aliyemwona mgonjwa mwenyewe. Siku ya tano bila dawa mama hakuweza tena kushika kikombe cha chai. Siku ya sita walirudi kwa daktari wao.

Mshauri hakukosea neno hata moja. Alikuwa anajibu swali la chama, sisi tukalisikia kama jibu la mgonjwa mmoja.

Na akitumiwa kwa kazi yake, ona faida. Familia moja hapa ilipeleka damu nje, jibu likarudi kwamba Huntington haipo, ilhali mtikisiko upo, baba mzazi aliurithi kwa mama yake, na akili inaanza kuyumba. Ndugu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Mshauri wa jenetiki aliuliza jambo moja tu: maabara iliangalia pia kijeni kiitwacho JPH3? Kuna ugonjwa unaofanana mno na Huntington, ulioelezwa mwaka 2001, na karibu wote walioripotiwa kuwa nao wana asili ya Afrika. Afrika Kusini ndiko familia nyingi zimejulikana. Kipimo cha Huntington peke yake hakiuoni. Hakumpima mtu, hakutaja dawa. Familia ikalibeba swali hilo hadi kwa daktari wake, naye ndiye aliyeandika ombi la kipimo.

Kwa hiyo baba yangu, Jumapili ijayo ukisimama, usiseme "muganga ya chama alishakataza". Sema "mushauri alituambia hivi, niko naenda kuuliza muganga wetu". Na ule mfuko wa plastiki uje nao, tuusome pamoja kabla hujaufunga tena.