Je, wajua kwa nini programu inasoma faili la leo halafu inakupa data ya jana?

Mimi niliapa ni diski. Kijiprogramu changu cha kusoma mauzo ya duka, kinachotumia io_uring (njia ya Linux ya kuomba faili lisomwe huku ukiendelea na mengine), kilikuwa kinatoa mistari ya Jumatatu mkiani mwa ripoti ya Jumanne, nikapanda daladala mpaka Kariakoo nikanunua SSD mpya, nikarudi Sinza nikaifunga, na mistari ya Jumatatu ikabaki palepale.

Nikahamia kwenye kashe (sehemu ya RAM inayotunza nakala za faili), eti keneli, yaani kiini cha Linux, inanipa kopi ya zamani. Nayo siyo, maana kwa usomaji wa kawaida kwenye mashine moja, anayeandika na anayesoma wanapitia kashe ileile, yaani ukiandika sasa hivi mwenzako anaona maandishi mapya hata kama diskini hayajafika, na kwa kawaida yanaweza kukaa sekunde 30 hivi kabla hayajashushwa. (Ukichanganya na O_DIRECT, inayoikwepa kashe, hiyo ni kesi nyingine kabisa.)

Kumbe uzee ulikuwa kwenye bafa yangu mwenyewe, yaani kipande cha RAM ambacho programu inaikabidhi keneli ijaze data.

Io_uring, ya Jens Axboe, iliingia Linux 5.1 mwaka 2019. Chukulia unampelekea mama lishe hotpoti yako asubuhi, unaagiza chapati, unaenda zako, zikiiva anakuita. Sasa hotpoti hiyo hukuiosha, ina chapati za jana, na yeye haioshi, siyo kazi yake, anapakia tu. Ukifunua kabla hujaitwa unakuta za jana, unaanza kulalamika chapati zimelala wakati zako bado ziko kwenye kikaango! Hotpoti ndiyo bafa, mama lishe ndiye keneli.

Kinachochekesha ni kwamba kosa hilo linajificha. Faili likiwa tayari kwenye kashe, keneli mara nyingi inamaliza ombi hapohapo unapolituma, kwa hiyo hata ukifunua mapema unakuta mpya, na kwenye laptopu yako kila kitu kinapita. Andika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches, faili linaloiambia keneli imwage kashe, ikishakuwa tupu ndo utaona.

Mimi lakini nilisubiri kuitwa vizuri tu. Nilichopuuza ni idadi: kila jibu linakuja na res, baiti ngapi zimeingia, au namba hasi kama kuna kosa. Kila kipande cha faili kina bafa yake ya baiti 4096, ileile iliyotumika Jumatatu, kipande cha mwisho cha Jumanne kilikuwa na 1300, mimi nikasoma zote 4096. Hizo 2796 za nyuma ni Jumatatu.

Nilikamata kwa kupaka rangi: jaza bafa na 0xAA (baiti ya alama tu, inayojirudia) kabla ya kutuma ombi. Ukiikuta bafa nzima ni 0xAA na baadaye res inasema zimeingia, umefunua mapema, ikiwa mkiani tu umepuuza res, ingawa ukifunua diski ikiwa katikati ya kumimina unaweza kukuta nusunusu na hapo rangi peke yake haiamui kitu.

Kwangu zilikuwa 0xAA 2796, nimezihesabu. SSD nayo haina shida yoyote, kama ile ya mwanzo.