Simu na laptopu hazisomani: dhana potofu kuhusu kalenda

Mfunguo mosi uliopita, mama mmoja anayekodisha maturubai na viti hapa Ngamiani, Tanga, alijikuta ameahidi turubai moja kwa harusi mbili za Jumamosi moja: moja Barabara ya Nane, nyingine Chumbageni. Alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi simu mkononi, binti yake nyuma amekumbatia laptopu. Nikampa shikamoo. "Marahaba mwanangu, hebu nitazamie hili dude, limeniumbua mbele za watu."

Kwenye simu yake harusi ya Chumbageni ilikuwepo. Kwenye laptopu, ambako binti ndiko anakoandika oda, siku ile ilikuwa tupu. Na wote wawili walikuwa na hakika kwamba kalenda zao "zimeunganishwa".

"Ziko kwenye Wi-Fi moja, lazima zisomane"

Hii ndiyo dhana mama. Simu haipeleki kitu kwenye laptopu, wala laptopu haiiulizi simu. Kila kimoja huzungumza na seva ya akaunti, yaani kompyuta ya mbali inayotunza data yako, iwe ya Google, Microsoft au iCloud, na hukutana huko. Simu ikiwa Tanga kwa bando na laptopu ikiwa Muskati, zitasomana. Zikiwa juu ya meza moja na akaunti mbili tofauti, hazisomani ng'o.

Niliigusa ile harusi ya Chumbageni ikafunguka. Chini ya saa na mahali huwa pana mstari mdogo ambao watu wengi huupita: unataja tukio limewekwa kwenye kalenda ipi. Nilitegemea kuona anwani ya Gmail. Palikuwa na jina la simu. Harusi ile iliandikwa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe na haijawahi kutoka nje. Simu nyingi za Android zina kalenda ya namna hiyo, na kama ndiyo iliyochaguliwa kupokea matukio mapya, kila unachoandika kitaangukia humo kimya kimya. Tulibadilisha kalenda ya kawaida iwe ya akaunti, kisha tukayaandika upya matukio yaliyobaki, moja baada ya jingine. Kazi ya kuchosha, lakini haikutaka ufundi.

Mimi kabla ya kugusa mpangilio wowote hufungua calendar.google.com kwenye kivinjari. Huyo ndiye msuluhishi. Tukio likiwepo pale, kosa ni la kifaa kisicholiona. Lisipokuwepo, kosa ni la kifaa kilicholiandika. Watu hupoteza mchana mzima wakitibu simu isiyoumwa.

"Barua pepe zinaingia, basi na kalenda inaingia"

Si lazima. Ukiweka Gmail kwenye Outlook ya zamani kwa njia ya IMAP au POP, zinazokuja ni barua tu. Njia hizo hazibebi kalenda. Kalenda ina njia yake, kama CalDAV, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2007. Hata kwenye simu, akaunti moja huwa na swichi kadhaa: ya barua, ya namba za simu, ya kalenda. Ya kalenda ikizimwa, barua zitaendelea kumiminika na wewe utaapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Wenye iPhone wana kisa chao. Kalenda uliyoshirikishwa na mwenzako Google inaweza isionekane kwenye programu ya kalenda ya iPhone mpaka uende calendar.google.com/syncselect ukaitie tiki. Nimewaona watu wakifuta na kurudisha akaunti mara tatu kwa sababu ya kijisanduku kimoja.

"Iflashi tu, itakaa sawa"

Kuflashi ni kufuta simu yote na kuiwekea programu upya, na huu ndio ushauri unaonikera kuliko yote. Yule mama alikuwa ameshaupewa na fundi mwingine kabla ya kufika kwangu. Angeukubali, oda zote zilizokaa ndani ya simu zingepotea, kwa sababu hazikuwa na nakala popote. Kufuta data ya hifadhi ya kalenda kwenye Android nako kuna hatari hiyo hiyo. Hata kutoa akaunti na kuirudisha, jambo ambalo wakati mwingine husaidia kweli, usilifanye kabla ya kuhakikisha kwa yule msuluhishi kwamba matukio yameshafika. Yasiyofika yataondoka na akaunti.

Anza na madogo: kiokoa betri na kiokoa data, maana hivyo huzuia programu kufanya kazi kimya kimya. Tazama pia kama usawazishaji (sync) wa akaunti, yaani kifaa kupeleka na kuleta matukio ya seva, umewashwa. Na bando usilisingizie sana. Tukio la kalenda ni maneno machache, halili kitu.

"Saa zimepishana, kwa hiyo usawazishaji umeharibika"

Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapojikaanga wenyewe. Binti aliwahi kuandika sendofu ya saa kumi jioni kama 10:00. Simu ya mama ikalia saa nne asubuhi, watu hata chai hawajamaliza. Usawazishaji haukukosea hata nukta: ulichukua kosa la laptopu na kulifikisha kwenye simu kwa uaminifu mkubwa. Kompyuta haijui saa zetu za kuhesabu tangu jua lichomoze. Saa kumi jioni kwake ni 16:00, na ukiweka mfumo wa saa 24 utapunguza mkanganyiko wa AM na PM. Usiku nao una mtego wake: mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa", huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda inauita Alhamisi.

Kisha kuna simu zinazonunuliwa zikiwa zimetumika Dubai. Zinakuja na saa za eneo la kule, saa moja mbele yetu. Mwenye simu akiona saa haiko sawa, huirudisha nyuma kwa mkono na kuacha eneo lile lile la Dubai. Saa sasa inasomeka vizuri, lakini miadi ya 9:00 iliyoandikwa kwenye kompyuta inaonekana 10:00, na kengele inalia muda umeshapita. Dawa ni kuwasha saa za eneo za kiotomatiki, au kuchagua Afrika Mashariki. Ukikuta imeandikwa Nairobi badala ya Dar es Salaam, usihangaike, ni saa zile zile. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka, hapo simu inaweza kugoma kusoma seva kabisa, kwa kuwa vyeti vya usalama vinavyothibitisha kwamba seva ni ya kweli vitaonekana si halali.

Mara nyingine tofauti ni ya haki. Ndugu aliyeko London akipanga kikao cha kila Jumapili saa 18:00 za kwake, kwetu kitakuwa 21:00 wakati wa baridi, na 20:00 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba. Wao huchezea saa zao, sisi hatuchezei.

"Nimeshaingiza faili la kalenda, litajisasisha"

Faili la .ics, yaani faili la kubebea matukio ya kalenda, uliloliingiza ni fotokopi. Ukibadilisha la asili, nakala haijui. Kujiandikisha kwa kiungo (linki) cha kalenda ni jambo jingine, lakini huko unasoma tu, huandiki, na Google inaweza kuchukua hadi saa 12 kuleta mabadiliko. Ukifanya yote mawili, kila harusi itaonekana mara mbili.

"Nikifuta kwenye simu, kwenye laptopu itabaki"

Oda ikiwa kwenye kalenda ya akaunti, inafutika kote. Afadhali Google huweka zilizofutwa kwenye pipa la taka kwa takriban siku 30. Fungua kalenda kwa kompyuta, nenda kwenye mipangilio, utaliona pipa hapo. Binti alirudisha kutoka humo oda mbili alizokuwa amezifuta akidhani anasafisha skrini yake tu. Mama akamtazama, akanitazama, akauliza kama kuna namna ya yeye kuandika na binti kusoma tu. Ipo. Kwenye ushirikishaji wa kalenda unachagua mtu awe wa kuona peke yake, na siku ile ile tukaiweka.