Mapigo ya moyo yametulia, mwenyewe je?

Kasarani siku ya mashindano hukosi mtu jukwaani wa kusema: "Hawa wenye ulemavu wamepitia makubwa, presha ya mbio haiwagusi." Inawagusa sana. Kinachotudanganya ni kipimo.

Chukua mwanariadha wa kiti cha magurudumu aliyeumia uti wa mgongo shingoni. Amri ya ubongo ya kuuharakisha moyo huenda haifiki, kwa hiyo saa ya mkononi inaonyesha mapigo ya kawaida huku hofu imemjaa. Viganja navyo huenda visitoe jasho. Mpe dodoso linalouliza kama viganja vinalowa: atajibu hapana, nawe utamwandika jasiri!

Dodoso maarufu la ACSI-28, la mwaka 1995, linalopima jinsi wanariadha wanavyoimudu presha, linauliza mambo 28, umakini na kujiamini yakiwemo. Swali kuhusu mwongozaji, yule anayekimbia bega kwa bega na asiyeona, halimo. Kwenye Paralimpiki za Sydney mwaka 2000, Henry Wanyoike, Mkenya asiyeona, alishinda mita 5,000 huku akimvuta mwongozaji wake mgonjwa hadi kwenye utepe. Hiyo ungeiandika chini ya swali la ngapi?

Na asiyeona akisomewa maswali na kocha yuleyule anayeteua timu (nimeliona hili), atakiri kweli kwamba hakulala?