Usianze kwenye kivinjari: kusakinisha programu Linux kwa anayeanza

Mama mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea kompyuta mpakato iliyokuwa ikichukua dakika kumi kuwaka. Nikaiwekea Linux Mint, mfumo endeshi huria, badala ya Windows. Siku ya tatu akanipigia simu: "Mwanangu, VLC ya kuchezea video nimeipakua vizuri tu, lakini kila nikiibofya haisakiniki." Nikamwomba anisomee jina la faili mpaka mwisho. Liliishia na exe, yaani lilikuwa faili la Windows.

Karibu kila mtu ninayemhamisha kutoka Windows hupita hapo, na wala si kwamba haelewi. Amezoea miaka yote kwamba programu hutafutwa kwenye tovuti: unafungua kivinjari, unaandika jina, unakutana na vitufe vinne vya kupakulia na kimoja tu ndicho cha kweli, kisha unabofya Next mpaka mwisho. Akifika Linux anarudia njia ileile, na njia ile haimfikishi popote. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama mifumo endeshi huria ni migumu kwa anayeanza, humjibu kwamba kusakinisha programu ni rahisi kuliko alikotoka, mradi ajue aanzie wapi kutafuta.

Anaanzia ghalani, yaani mahali pamoja mtandaoni panapowekwa programu za mfumo wake. Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ina ghala lake la programu. Ubuntu ilijengwa juu ya Debian mwaka 2004, na Mint nayo ikajengwa juu ya Ubuntu. Watunzaji wa ghala huchukua programu, huifunga katika kifurushi, na orodha ya vifurushi hutiwa sahihi ya kidijitali ambayo kompyuta yako huihakiki kabla ya kupokea chochote. Kifurushi kikihitaji vingine vitano ili kifanye kazi, apt, programu ya mfumo inayosakinisha vifurushi, huvileta vyote bila kukuuliza utavipata wapi. Na siku ya kusasisha, unasasisha kila kitu kwa mara moja. Kwa sisi ambao tumeshinda madukani tukisafisha virusi vilivyoingia na Office ya kukreki kutoka kwenye flashi ya mtu, hili si jambo dogo hata kidogo.

Yule mama nilimwelekeza kwa simu: fungua menyu, andika Software Manager, tafuta VLC, bofya Install, weka neno la siri. Hatukumaliza hata dakika tano.

Terminali, dirisha la kuandikia amri, ndiyo inayotisha watu, na bila sababu kubwa. Unaandika

sudo apt install vlc

kisha mfumo unadai neno la siri. Kwenye Ubuntu nyingi ukianza kuliandika huoni kitu: hakuna herufi, hakuna nyota, kishale hakisogei. Nimeona watu wakigonga kibodi kwa nguvu wakidhani imekufa. Haijafa, andika tu mpaka mwisho ubonyeze Enter. (Mint huonyesha nyota, na kwa anayeanza nyota hizo ni faraja kubwa.) Baada ya hapo unaorodheshewa vitakavyosakinishwa na ukubwa wa kupakua, kisha unaulizwa kama uendelee. Jibu y.

Ukiambiwa "Unable to locate package", kagua tahajia, kisha endesha sudo apt update ili kompyuta ipate orodha mpya ya ghala. Ukiambiwa "Could not get lock", mara nyingi mfumo unajisasisha wenyewe kimyakimya. Mtandaoni utakuta ushauri wa kufuta faili la kufuli hilo. Tafadhali usilifute! Kanywe chai, urudi.

Kuna kitu kimoja lazima usome kabla ya kujibu: orodha ya vitakavyoondolewa. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa teknolojia wa Kanada, alijaribu kuweka Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Pop!_OS, mfumo mwingine wa Linux. Duka la programu lilikwama, akahamia terminali. Kulikuwa na hitilafu kwenye vifurushi, na apt ikamwonya kwamba itaondoa vitu vya msingi, ikimtaka aandike sentensi nzima "Yes, do as I say!" kama kweli anataka. Akaiandika, na mazingira yote ya picha, yaani madirisha na menyu, yakaondoka. Wengi walimlaumu yeye. Mimi naona mfumo ulimwangusha kwanza, kwa sababu mgeni hana namna ya kujua kwamba safari hii onyo si la kawaida. Watengenezaji wa apt baadaye walibana zaidi njia hiyo, na walifanya vyema.

Panapomchanganya mgeni kweli siku hizi ni wingi wa aina za vifurushi. Programu ileile unaikuta kama deb (kifurushi cha kawaida cha ghala la mfumo), kama Snap, kama Flatpak. Tangu Ubuntu 22.04, ukiomba Firefox kwa apt unaletewa Snap. Mint nayo tangu toleo la 20 imeizuia Snap, inatumia deb na Flatpak. Kwa mtu anayenunua bando, tofauti hii ni pesa. Flatpak ya kwanza huja na msingi wake mzima, mamia ya megabaiti, hata kama programu yenyewe ni ndogo. Zinazofuata hupungua zikitumia msingi uleule. Faida yake ni kwamba unapata toleo jipya, nayo imetengwa kwa kiasi na mfumo wako. Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua ya ghala la mfumo kwanza, Flatpak iwe pale tu unapohitaji toleo jipya.

Photoshop hutaipata ghalani, wala Microsoft Office ya kusakinisha. Kama riziki yako imeshikamana nazo, baki ulipo, au jaribu GIMP na LibreOffice wiki mbili kabla ya kuhama.

Juzi yule mama kapiga tena. Anataka kukata video za harusi, nikamtajia Kdenlive. Nikamsikia akibofya, kisha kimya kidogo.

"Mwanangu, hapa zipo mbili. Hii wameandika System Package, na hii Flatpak ina megabaiti nyingi mno. Nachukua ya kwanza."

"Chukua, mama."

Alikuwa ameshabofya.