Mashine Mbili za Maziwa: Je, Mwenyewe Anahitaji Tovuti?

Mama mmoja anayeendesha mashine mbili za kuuza maziwa, moja Manyatta na nyingine karibu na makutano ya Kondele, alifika kwenye dawati letu la ushauri jijini Kisumu akiwa na karatasi ya makadirio ya bei mkononi. Kijana aliyemwandikia alitaka shilingi 45,000 ili amtengenezee tovuti ya kurasa saba, ukiwemo ukurasa wa historia ya biashara na mwingine wa picha za wafanyakazi. Mama huyo hana mfanyakazi. Mwanawe ndiye anayejaza maziwa alfajiri na kuosha mashine jioni. "Mwalimu," akaniambia, "nimeelezwa kwamba biashara isiyo na tovuti siku hizi ni kama haipo. Lakini wateja wangu mimi nawajua kwa majina ya watoto wao."

Swali lake huletwa kwetu na wengi, kuanzia wenye ATM za maji kule Nyalenda hadi wenye mashine za kupima mafuta ya kupikia Kakamega na za soda na biskuti karibu na vyuo, na ndiyo sababu nimeona nilijibu kwa maandishi. Kwa maoni yangu, mnunuzi anayesimama mbele ya mashine hahitaji tovuti hata kidogo. Anayeihitaji ni mtu mwingine kabisa, ambaye mwenye mashine mara nyingi hajamfikiria.

Tuangalie kwanza mauzo yenyewe yanavyofanyika. Ni saa kumi na mbili unusu jioni na mtoto wa shule ya msingi ametumwa na chupa ya plastiki pamoja na shilingi 30. Hakuitafuta mashine kwenye simu. Anaijua kwa kuwa iko kati ya kinyozi na wakala wa M-Pesa, na nyumbani wanapaita "pale penye taa ya buluu". Anabonyeza kiasi anachotaka, maziwa yanashuka, anafunika chupa na kuondoka. Akija mtu mzima asiye na sarafu, atalipa kwa simu, na kwa kuwa M-Pesa tangu ilipoanzishwa mwaka 2007 imekuwa ikitumika hata kwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti, mwenye kabambe hapati shida yoyote. Katika mlolongo huo wote hakuna mahali ambapo tovuti ingeingia. Duka la samani linaweza kumvuta mnunuzi kutoka Siaya kwa picha nzuri, lakini nusu lita ya maziwa haimtoi mtu mtaani kwake.

Kinachoingia katika mauzo hayo ni uso wa mashine, nao ndio ninaoanza kuukagua kila ninapoitwa kutazama biashara ya namna hii. Kwenye mashine ya Kondele, nambari ya simu ya mwenyewe ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimefutwa na kitambaa kile kile kinachotumiwa kupangusia mashine. Mteja aliyetaka msaada angelazimika kubahatisha. Nambari ya kulipia ilikuwa kwenye karatasi iliyopauka kwa jua, na aliyelipa aliona kwenye ujumbe wa M-Pesa jina la mume wa mama huyo, jina ambalo halikuandikwa popote kwenye mashine. Mtu akiona pesa zake zimekwenda kwa jina asilolijua hushtuka, na wasiwasi wa namna hiyo humfanya siku inayofuata apite aende dukani kununua pakiti. Nakala ya kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya, ambayo ingemhakikishia mnunuzi kwamba maziwa yale yamepashwa moto kuua vijidudu kama inavyotakiwa, ilikuwa nyumbani ndani ya bahasha.

Kisha kuna siku ambayo mashine hukwama. Ikiwa ni saa tatu usiku, mteja amelipa shilingi 60 na bomba halijatoa hata tone, hatafungua kivinjari kutafuta ukurasa wa mawasiliano. Ataipiga mashine kofi mara mbili, kisha atatafuta nambari. Simu ikipokelewa na pesa zikarudishwa kabla hajafika nyumbani, kesho atarudi. Isipopokelewa, habari itakuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la ploti nzima kabla maziwa ya asubuhi hayajajazwa. Kwa hiyo ninawashauri wenye mashine kutenga laini moja ya simu kwa kazi hiyo tu na kuiweka kwenye WhatsApp Business, programu isiyolipishwa iliyotoka mwaka 2018, ambayo humwezesha mwenye biashara kuweka jibu la papo hapo, saa za kazi na orodha ya bei. Hayo yakitekelezwa, sehemu kubwa ya yale ambayo mtengeneza tovuti huahidi kwa upande wa mnunuzi itakuwa imekwisha kupatikana bure.

Kuna hoja moja ambayo huwatia watu hofu na ambayo inafaa kufafanuliwa kwa kina kidogo. Baadhi ya wauzaji huwaambia wateja wao kwamba bila tovuti mashine haiwezi kuunganishwa na M-Pesa. Maneno hayo yana chembe ya ukweli iliyofungwa ndani ya uongo. Ili mashine ijue kwamba pesa zimeingia na ifungue bomba yenyewe, mfumo wa malipo lazima upeleke taarifa mahali fulani kwenye intaneti, na kwa upande wa Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, taarifa hiyo hupitia huduma inayoitwa Daraja, inayohitaji anwani salama ya seva, yaani kompyuta iliyo mtandaoni muda wote, ya kuipokea. Anwani hiyo husomwa na mashine. Haina picha, haina historia ya biashara, na hakuna binadamu anayeitembelea. Kwa kawaida aliyekuuzia mashine, au aliyekutengenezea kidhibiti chake, ndiye anayeiendesha kwa ada ya mwezi au ya mwaka. Ukiambiwa ulipe kwa ajili ya kuunganisha malipo, uliza kwa maneno makavu: je, ninalipia seva ya kupokea taarifa za malipo, au ninalipia kurasa za kusomwa na watu? Kama ni seva, endelea kuuliza nani ataishughulikia ikizima siku ya Jumapili, kwa sababu ikizima mashine yako itapokea pesa bila kutoa bidhaa, na hasara hiyo ni yako.

Kuhusu gharama, hesabu si ngumu. Tuseme mashine inauza lita 100 kwa siku na kila lita inabakiza shilingi 10 baada ya kulipia maziwa. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku kabla ya kodi ya mahali, umeme, sabuni na nauli. Tovuti ya shilingi 45,000 ingemeza siku 45 za jasho la mashine hiyo, na kila mwaka kungekuwa na ada ya kuihifadhi na ya jina lake. Pesa hizo hizo zingetosha kutengeneza stika imara zisizopauka na kununua betri ya kuikinga mashine dhidi ya umeme unaopotea ghafla, na bado pangebaki akiba. Sisemi hivyo kwa kuwadharau vijana wanaotengeneza tovuti, ambao wengi ni wanafunzi wetu; nasema tu kwamba wangepata kazi zaidi kama wangeacha kuuza kurasa saba kwa mtu anayehitaji ukurasa mmoja.

Na huo ukurasa mmoja ni wa nani? Ni wa mwenye nafasi. Biashara ya mashine ina wateja wa aina mbili: yule anayenunua bidhaa, na yule anayekuruhusu kuiweka mashine ukumbini kwake. Huyu wa pili ni msimamizi wa jengo, afisa wa utawala hospitalini, msimamizi wa hosteli karibu na Chuo Kikuu cha Maseno, au katibu wa sacco yenye ukumbi unaojaa watu siku za malipo. Mashine iwe nzuri kiasi gani, ikiwekwa mahali pasipo na watu hugeuka sanduku la chuma linalokula umeme, kwa hiyo huyu mtu ndiye anayeamua kama utakula au utalala njaa. Yeye hakukuona Kondele. Amepokea barua yako ikiwa katikati ya barua nyingine kumi, na kabla ya kuipeleka kwa mkubwa wake ataandika jina la biashara yako kwenye simu aone kinachotokea.

Anachotafuta hapo si maneno matamu. Anataka kujua ni nani atakayekuja, na kwa muda gani, siku mashine itakapovuja juu ya vigae vilivyotoka kupigwa deki. Anataka kuona picha ya mashine halisi iliyosimama mahali halisi, si picha iliyookotwa kutoka Uchina. Anataka vipimo vyake, ili ajue kama itaziba mlango wa dharura, na kiasi cha umeme inachotumia, kwa kuwa bili itamfikia yeye. Anataka kuona vibali na kuelewa kama utalipa kodi ya kila mwezi au utamgawia sehemu ya mauzo. Ukurasa mmoja unaojibu hayo, wenye nambari ya simu inayopokelewa na tarehe ya karibuni ya kuhaririwa, una uzito kuliko tovuti kubwa iliyopambwa. Niliwahi kukaa na msimamizi wa jengo mjini Nakuru aliyekuwa akichagua kati ya waombaji wawili. Aliyekataliwa alikuwa na tovuti ya kupendeza, lakini bei zilizokuwamo zilikuwa za miaka miwili nyuma na simu iliyoandikwa haikupatikana. "Kama hawezi kutunza ukurasa," akasema, "atatunza mashine yangu ya maziwa?" Tayari alikuwa anaiita yake.

Hali ya Nakuru inastahili kutajwa kwa sababu ni tofauti kidogo na ya mitaa ya Kisumu ninayoizoea. Tangu ipandishwe hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, tunaowashauri kuhusu nafasi huko wengi hushughulika na mawakala wa majengo badala ya wenye majengo wenyewe, ambao huenda wanaishi Nairobi au ng'ambo. Mwenye jengo aliye mbali hawezi kupita kuitazama mashine yako. Kiungo kimoja kilichotumwa na wakala kwenye simu ndicho kitakachokusemea. Ndiyo maana kipimo changu hakihusu idadi ya mashine. Ninamuuliza mtu: mwaka huu unatarajia kuandika barua ngapi za kuomba nafasi kwa watu wasiokujua? Kama hakuna, basi wasifu wa biashara usiolipishwa kwenye ramani za Google, wenye saa za kazi na simu, unatosha.

Wasifu huo, hata hivyo, usichukuliwe kuwa mali yako. Google ilikuwa ikiwapa wenye wasifu tovuti ndogo za bure zilizotengenezwa humo humo, kisha Machi 2024 ikazizima zote. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo kwenye stika walibaki na stika zinazoelekeza kusikokuwa na kitu. Ukurasa wa Facebook nao uko chini ya masharti ya Facebook yenyewe. Kitu pekee unachoweza kukihamisha kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine bila kubadilisha stika zako ni jina la tovuti lililosajiliwa kwako. Majina yanayoishia kwa .ke, likiwemo .co.ke, yanasimamiwa na KeNIC na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na hulipiwa upya kipindi kikiisha.

Hapo ndipo tumeona kilio zaidi. Mteja wetu mmoja wa ATM ya maji alimlipa kijana kwa kila kitu, na kijana akasajili jina hilo kwa barua pepe yake mwenyewe. Alipopata kazi Mombasa na kubadilisha nambari, ilani ya kulipia upya ilikwenda kwenye sanduku la barua lisilofunguliwa tena, jina likaisha muda, na mtu mwingine akalichukua. Msimbo wa QR uliokuwa umebandikwa kwenye mashine nne ukaanza kuwapeleka wanunuzi wa maji kwenye ukurasa wa kamari. Ilibidi ubanduliwe kwa kisu, mashine moja baada ya nyingine. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha jina limesajiliwa kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe, na nywila uwe nayo wewe.

Neno moja kuhusu taarifa za watu. Majina na nambari za simu zinazokufikia kupitia malipo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haidaiwi kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini kutosajiliwa hakumpi mtu ruhusa ya kuwatumia wanunuzi matangazo wasiyoyaomba, wala kuweka picha ya ujumbe wa malipo mtandaoni ili kuonyesha kwamba biashara inakwenda.

Tulipomaliza, yule mama aliigeuza karatasi ya bei na kuandika nyuma yake. Ana mpango wa kuomba nafasi kwenye hospitali moja mwakani, kwa hiyo tulikubaliana kwamba jina la tovuti atalisajili sasa, kwa barua pepe yake, na ukurasa wenyewe utasubiri hadi awe na picha ya mashine zote mbili zikiwa zimesafishwa na kuandikwa upya. Swali lake la mwisho lilikuwa kama kuna duka Kisumu linalochapisha stika isiyotoka kwa sabuni, na kama wanaweza kuiandika nambari ya simu kwa tarakimu kubwa ambazo hata bibi asiye na miwani angezisoma usiku.